Kupunguza mzigo wa kambi katika mtumbwi: tununue nini, tuache nini nyumbani



Tangu mavuno ya mpunga yaishe, swali moja linarudi kila mara tunapokutana na vyama vya kando ya mto: «Agronomi, mtumbwi unajaa mbele ya kuweka mpunga yote. Tufanye namna gani?» Wengi wanafikiri jibu ni kutafuta mtumbwi mkubwa zaidi, ao kulipa nafasi katika balenieri. Pengine ni vile. Lakini mbele ya kutoa franga, muangalie kwanza ndani ya mtumbwi wenyewe. Mara nyingi nafasi ya mpunga imekaliwa na matela, mabidoni ya maji, mbabula na masufuria.

Wenye kusafiri kwa mto Lualaba wanajua. Kati ya Kindu na Ubundu kuna karibu kilometa 300 za maji yenye kupitika. Kisha Ubundu, maporomoko ya Boyoma yanafunga njia, na mzigo unafuata reli ao barabara mpaka Kisangani. Mwenye kwenda kwa kafi analala njiani usiku mingi: kwenye mdomo wa Elila, wa Ulindi, wa Lowa, ao juu ya mchanga tu pasipo kijiji. Kila usiku anahitaji kitu cha kulalia, kitu cha kumkinga na mvua na mbu, na kitu cha kupikia. Hivyo ndivyo ninaviita hapa vitu vya kambi. Kuviacha vyote haiwezekani. Kuvichagua inawezekana.

Tuanze na balansi

Mwaka jana tulifanya kazi ndogo na chama kimoja. Watu watatu walikuwa tayari kuondoka kwa safari ya siku 5. Tukaomba balansi ya depo, tukapima kila kitu chao kimoja kimoja, mpunga haukuhesabiwa. Haya ndiyo tuliyoandika katika kaye: matela 2 za musu, kilo 11, mabulangeti 3, kilo 7, turubai ya zamani ya lori, kilo 14, mbabula kubwa na nusu mfuko wa makala, kilo 24, maji katika mabidoni 2 ya litri 20, kilo 42, masufuria na vifuniko, kilo 7, kinu na mchi wake, kilo 9, chakula, kilo 16, nguo na vitu vingine, kilo 12. Jumla kilo 142. Na kila mmoja wao alikuwa ametuambia kwamba anabeba vitu kidogo tu.

Kinu kilichekesha watu. Mama aliyekileta hakucheka: «Munataka mukule sombe bila kutwanga?» Alikuwa na haki. Tulipatana kwamba sombe itatwangwa nyumbani, itapikwa kabisa, na italiwa usiku wa kwanza. Kinu kikabaki.

Sasa, kilo 142 zinafanya nini kwa mtumbwi? Tuhesabu pamoja. Mtumbwi wa mita 8, wenye upana wa sentimeta 70 katikati, si sanduku: ncha zake mbili ni nyembamba. Sehemu inayokalia maji ni karibu mita 4 za mraba. Ili uzame sentimeta 1 zaidi, ni lazima usukume litri 40 za maji, ni kusema kilo 40. Basi vitu vile vya kambi peke yake vinaushusha mtumbwi sentimeta tatu na nusu. Mutasema ni kidogo. Kama ukingo uko shubiri moja nzima juu ya maji, kweli ni kidogo. Lakini siku ya soko nimeona mitumbwi yenye ukingo wa vidole vinne tu. Pale, sentimeta tatu na nusu ni karibu nusu ya kile kinachomtenga mtu na mto. Balenieri moja ikipita na mawimbi yake, mambo yamekwisha.

Bashi ya mpunga si bashi ya watu

Hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo, na ile ilikuwa safari yangu ya kwanza na wanachama. Nilinunua sokoni hema ndogo ya bei ya chini, imekunjwa vizuri, nyepesi, rangi ya kupendeza. Nilijiona mwenye akili. Usiku wa pili mvua kubwa ikanyesha. Hema ile ilikuwa na kitambaa kimoja tu, maji yakapita kwenye mishono kama katika kichungio. Saa saba ya usiku tulikuwa wanne tunatetemeka, na mimi ndiye niliyesema: tuvute bashi iliyofunika mpunga, tujifunike mpaka asubuhi. Asubuhi mifuko 4 ilikuwa imelowa. Jua halikutoka siku mbili. Mpunga ukaanza kupata joto ndani ya mfuko, mwingine ukaota. Mnunuzi hakupima kitu, alinusa tu, akashusha bei. Mifuko 2 kati ya ile 4 ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anangoja feza za masomo ya watoto. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini: «Mwanangu, wewe ulikauka.»

Tangu siku ile ninarudilia sheria moja kwa kila chama: bashi mbili, na kila moja na kazi yake. Ile ya mpunga haitoki juu ya mpunga, hata mvua inyeshe namna gani. Mpunga wa kuweka unapaswa kuwa na unyevu wa asilimia 14 ao chini. Ukilowa, unahitaji kuanikwa siku ileile, na mtoni hamuna kiwanja cha kuanikia. Mtu akilowa, anakauka kando ya moto.

Kwa watu, bashi ya plastiki yenye nyuzi ndani inatosha. Uzito wake ni karibu gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Ile ya mita 4 kwa 6 inafika karibu kilo 5, lakini watu watatu hawaihitaji yote. Muikate katikati: mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba, chini kidogo ya kilo 2 na nusu, na kipande cha pili kinatumika na wenzenu. Hesabu hiyo inashinda turubai ya lori ya kilo 14, ambayo ikilowa inakuwa nzito zaidi, na inashinda hema ya bei ya chini, ambayo nguzo zake zinavunjika na hapana mahali pa kupata zingine.

Bashi iliyokatwa haina matundu ya kamba. Musitoboe, itapasuka kuanzia pale. Muchukue kijiwe laini chenye ukubwa wa yai dogo, mukifunike na kona ya bashi, kisha mufunge kamba shingoni mwa kijiwe. Kamba haitatoka, na bashi haipasuki. Mutandike kamba moja ndefu kati ya miti miwili, bashi ipite juu yake, upande unaopokea upepo ushuke karibu na chini. Na muchimbe mfereji wa kidole kwa panga pande zote. Kazi ya dakika 10, mvua ikianza saa saba ya usiku hamutaijutia.

Matela ibaki kwenye kitanda

Matela ya musu ndicho kitu kibaya zaidi kwa mtumbwi. Inakula nafasi kubwa, na ikigusa maji ya chini ya mtumbwi inayanywa yote, inarudi nyumbani na harufu ya mto kwa mwezi mzima. Najua wazee wenye kuumwa mgongo hawatafurahi. Lakini angalieni hii: mkeka mmoja, na chini yake mifuko 2 mitupu ya mpunga iliyojazwa majani makavu ao nyasi. Mifuko hiyo tunayo tayari, itahitajika kule sokoni ao wakati wa kurudi, na asubuhi majani yanamwagwa. Mzee mmoja alitujibu kwamba amelala hivyo tangu utoto, ni sisi vijana tuliomfundisha matela.

Bulangeti nzito ya pamba ina ubaya uleule: ikilowa, haikauki. Vikwembe viwili vilivyoshonwa pamoja kama mfuko, wazi upande mmoja, vinampa mtu joto la kutosha usiku wa huku kwetu, vinakauka katika nusu siku juu ya mzigo, na mchana vinamkinga na jua. Kwa baridi ya asubuhi juu ya maji, koti moja.

Chandarua (mustikere) hakipunguzwi. Mbu wa malaria wanauma usiku, na kwenye mchanga wa mto watakutana nanyi kabla hamujala. Uzito wake hauumizi mtu. Chandarua chenye dawa kinatundikwa kwa kamba nne chini ya bashi, na pembeni zake zinaingizwa chini ya mkeka. Kama kina tundu, mushone mbele ya kuondoka. Na tafazali, kisigeuke wavu wa ndagala njiani.

Maji tunayo, tatizo ni kuyasafisha

Litri moja ni kilo moja, hapo hapana ujanja. Kubeba litri 40 za maji juu ya mto ni kama kubeba kuni msituni. Bidoni moja la litri 10 kwa kunywa mchana linatosha watu watatu, mradi kila jioni mulijaze tena.

Lakini maji ya Lualaba hayanywewi vile yalivyo, hata kama babu aliyanywa. Muchote jioni, muyaache yatulie katika sufuria, muyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha muyachemshe mpaka yatokote vizuri. Mukiwa na vidonge vya klorini, ni vyepesi kuliko kuni: muvitumie kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na mungoje nusu saa mbele ya kunywa. Klorini ndani ya maji yenye matope haifanyi kazi yake. Watu wengi wanakosea hapo, kisha wanasema dawa ni mbaya.

Kwa chakula, uzito peke yake hautoshi kuhesabu. Ni lazima kuhesabu pia moto. Maharagi makavu ni chakula kizuri, lakini yanaomba masaa mawili ao zaidi ya kuni, na jioni ya mvua hamutayamaliza. Kama munayataka, muyaloweke tangu asubuhi ndani ya mtumbwi, katika bidoni la kinywa kipana. Karanga za kukaanga ndizo zinashinda: gramu 100 zinatoa karibu kilokalori 570, wakati unga wa muhogo unatoa karibu 340, na karanga haziombi moto hata kidogo. Mafuta ya mawese yanapita vyote, karibu 900. Chupa ya nusu litri iliyofungwa vizuri inaongeza nguvu kwa bugali ya siku zote 5. Chikwanga ni nzito, zaidi ya nusu yake ni maji, lakini imekwisha kupikwa na inakaa siku kadhaa ndani ya majani yake. Mimi ninaichukua kwa siku mbili za kwanza, kisha ninaingia katika unga na mchele. Makayabo ao samaki mkavu kwa mboga. Nusu kilo ya unga ao mchele kwa mtu kwa siku, na musiongeze «kwa bahati mbaya»: kando ya mto kuna vijiji, na ndizi zinauzwa.

Karanga zichaguliwe. Zile zenye kukunjamana ao zenye rangi ya ukungu, musizile wala musiziuze. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga.

Moto na masufuria

Mbabula kubwa ibaki. Mawe matatu yanapatikana karibu kila mahali; pale penye mchanga tu, vipande vitatu vya gogo bichi vinafanya kazi ileile. Ninashauri kilo 2 hivi za makala katika bidoni lililokatwa kichwa, kwa usiku wa mvua tu. Viberiti viwekwe katika chupa ya dawa yenye kifuniko, na katika chupa ileile muweke vipande vya shambreri ya kinga: kipande cha kidole kinawaka hata kikiwa na maji. Moshi wake ni mbaya, kwa hiyo ni cha kuwashia tu, sufuria ije baadaye.

Masufuria mawili ya aluminiyomu, moja iingie ndani ya nyingine, sahani na vijiko ndani ya ile ndogo, chumvi ndani ya kikombe. Kitu kitupu ni nafasi iliyopotea. Kwa taa, torshi moja ndogo ya jua inayotundikwa juu ya mzigo mchana kutwa inaokoa feza za pile.

Kufunga vitu visilowe

Wenzetu wenye uwezo wananunua mifuko ya mpira ya wasafiri wa mto. Siye tunayo mifuko ya plastiki ya ndani, ile ya kuhifazia maharagi bila hewa. Mfuko uliozeeka hauwezi tena kuua wadudu, lakini mbele ya kuutupa mujaribu: muujaze hewa, muukaze mkono, musikilize. Kama hauvuji, uingizeni ndani ya mfuko wa kawaida ili usitoboke, muweke nguo, vikwembe na chandarua. Mdomo mukaze kwa kuuzungusha, muukunje kama shingo ya bata, mufunge kwa mpira wa shambreri. Hewa kidogo ikibaki ndani ni vizuri: mtumbwi ukipinduka, mfuko unaelea. Musiufunge na misumari karibu.

Chini ya mtumbwi muweke fito, mizigo isikae ndani ya maji yanayoingia. Vizito chini na katikati, vyepesi juu. Na kikopo cha kukombea maji kiwe na kamba. Litri 10 za maji chini ya mtumbwi ni kilo 10 zinazokimbia kutoka upande huu kwenda upande ule.

Kitu kimoja tusikipunguze

Kuna wanachama waliotoa jile ili kupata nafasi ya mfuko. Kwa hapo sina mazungumzo. Jile moja kwa kila mtu, na ivaliwe, isikaliwe kama kiti. Kama feza ya jile bado haijapatikana, mabidoni matupu ya litri 5, yenye vifuniko vilivyokazwa, yafungwe kila moja kwa kamba karibu na kila mtu. Bidoni kama hilo linainua karibu kilo 5 ndani ya maji, mtu mwenye akili zake anaweza kulishika na kungoja. Halitamgeuza uso juu mtu aliyezimia, wala halitamsaidia mtoto peke yake. Kwa hiyo ni kitu cha kungojea jile, halichukui nafasi yake. Mtoto bila jile abaki nyumbani.

Balansi mara ya pili

Tulipima tena vitu vya wale watu watatu. Mikeka na mifuko mitupu, kilo 4, vikwembe, 3, bashi na kamba, 4, vyandarua, 2, masufuria na sahani, 3, makala na bidoni lake, 3, maji, 11, chakula, 13, nguo, 9, panga, torshi na dawa, 4. Jumla kilo 56. Tulikuwa tumeondoa kilo 86, na kitu kipya kilichonunuliwa kilikuwa bashi na kamba tu.

Hapo mabishano yakaanza. Mama Prezida alitaka kilo zote 86 zigeuke mpunga. «Agronomi, tumeacha kinu, tumeacha matela, sasa unataka tuache na faida?» Papa mwenye mtumbwi alikuwa anaangalia ukingo tu, hasemi kitu. Mwishoni alitia fito ndani ya maji, akapima, akasema mfuko mmoja, hapana zaidi, na uwekwe katikati. Mfuko ule ulikuwa wa kilo 50. Zile 36 zilizobaki zikawa karibu sentimeta moja ya ukingo, na Mama Prezida alikubali bila kufurahi.

Sasa chama kile kinaweka vitu hivi pamoja, kwa sababu jamaa moja peke yake haiwezi kununua jile tatu na bashi mbili. Vinakaa katika depo, vinatoka kwa sahihi katika kaye, na mwenye kuvirudisha anavianika mbele ya kuvikunja. Wanaanza na jile, kisha bashi ya watu. Vingine vimetoka nyumbani. Kikwazo kilichobaki ni panya, ambao wamekwisha kutoboa chandarua kimoja. Kwa sasa mfuko wote umetundikwa kwa waya katikati ya depo, mbali na ukuta, na kifuniko cha bati kimetobolewa na kupitishwa kwenye waya ule, juu ya mfuko.